Meno Sita ya Chini

Baba aliacha kutafuna wiki ile ile tuliyomzika mama. Hakumwambia mtu. Alikaa mezani kama kawaida, akanawa mikono, akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi wa samaki na kuutia mdomoni, kisha akaunyonya mpaka ukalainika, akameza. Nyama alimsogezea kaka yangu mkubwa. Mahindi ya kuchoma, ambayo aliyapenda kuliko mtu yeyote ninayemjua, aliyashika mkononi mpaka yakapoa, halafu akayarudisha kwenye sahani. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, masufuria ya kuazima na viti vya kanisa vya kurudisha, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwangalia mzee mdomo.

Mimi niliona kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Wenzangu walikuwa wanalia. Kwetu Kano, ng'ambo ya Ahero, tunakozungumza Kijaluo, mtu akifa analiliwa vizuri. Binti wa marehemu akitoka mjini anatarajiwa kuanza mayowe tangu langoni, mikono kichwani, leso imeanguka, watu wamkimbilie wamshike. Mimi niliingia langoni nikasalimia watu, nikauliza kama majani ya chai yametosha. Shangazi zangu waliniangalia kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Sikulia siku hiyo, sikulia kaburini, sikulia baadaye. Wengine walisema ni ualimu, kwamba ukifundisha watoto wa watu miaka mingi unakauka. Ukweli ni kwamba sikuhisi kitu. Kama machozi yangekuwa yanauzwa pale soko la Kibuye, ningewanunulia shangazi zangu debe zima wakaniacha.

Sasa lazima nieleze kinywa cha wazazi wangu, vinginevyo hutanielewa. Watu wa rika lao, wakiwa bado vijana wadogo, waling'olewa meno sita ya mbele ya chini. Alikuja mtu anayejua kazi hiyo na chuma chake, ukakaa chini, ukafungua mdomo, na ulitakiwa usitoe sauti. Baada ya hapo ulikuwa mtu wa kwetu, na yeyote aliyekuona ukicheka, hata ukiwa Nakuru au Kampala, alijua umetoka wapi. Kanisa na shule viliimaliza desturi hiyo kabla sisi hatujazaliwa. Mimi meno yangu yote yapo. Tulipokuwa watoto tulimuuliza baba ilikuwa ya nini, naye alijibu kama karani wa reli aliyekuwa, bila mapambo: "Taya likifunga kwa ugonjwa, uji utapitia wapi?" Tulicheka sana. Tulimwambia siku hizi kuna hospitali.

Basi mama akapooza. Hospitali ilimweka, ikamgeuza huku na huku, ikamrudisha nyumbani, na taya lake lilikuwa limekaza kabisa. Baba alimlisha kupitia pengo lile. Alichukua kijiko cha chai, akakichovya kwenye uji wa wimbi au mchuzi wa ngege, samaki wa ziwani, uliochujwa, akakiingiza pale palipokosa meno, akakiinua kidogo, akangoja mpaka aone koo limesogea. Kisha kingine. Bakuli moja lilichukua asubuhi nzima. Siku moja nilimwomba anipe nafasi apumzike, nikainua kijiko haraka mno, uji ukamwagikia mama shingoni. Baba alichukua kijiko, akamfuta kwa kona ya shuka na kuendelea. Hakumruhusu mtu mwingine tena. Mama aliishi hivyo mpaka mvua zilipoanza, na alipokufa hakufa kwa njaa. Hilo baba alilisema mara moja tu, kwa pasta, na kwa sauti ya kawaida.

Siku ya mazishi kifungulio cha soda kilipotea. Kreti zimejaa, wageni wamekaa juani, pasta amemaliza kuhubiri na koo limemkauka, na mtu ananiuliza mimi kifungulio kiko wapi kana kwamba nilizaliwa nacho. Baba akachukua chupa, akaipeleka pembeni mwa mdomo, meno ya mbele ya chini akiwa hana, akaifungua kwa yale ya pembeni. Akafungua nyingine, na nyingine. Mwisho nikasikia kitu kimelia, nikadhani ni kizibo. Alimkabidhi pasta Fanta yake, akageuka, akatema kwenye kitambaa, akakikunja na kukitia mfukoni.

Kwa hiyo mzee alikuwa na jino la juu lililokatika mpaka karibu na fizi, na aliishi nalo miezi bila kusema. Alikonda. Mkanda wake ulitobolewa tundu jipya kwa msumari, halafu lingine. Nikienda nyumbani Jumamosi nilimkuta kwenye kiti chake, redio imezimwa, bakuli la uji limefunikwa na sahani, nzi juu yake. Alikuwa anatembea akishika ukuta. Shangazi, dada yake mkubwa, jirani yetu wa ua kwa ua, alisema, "Huyo anamfuata mke wake. Mwacheni."

"Hatumwachi," nilisema. "Ni meno."

"Ni huzuni."

"Shangazi, mtu hafi kwa huzuni, anakufa kwa kutokula, na baba hali chakula kwa sababu ya meno."

Alinitazama kwa ule mtazamo wa mita ya umeme. Lakini kaka yangu, niliyempigia simu Nairobi ofisini kwake, alikubaliana nami mara moja. Ilikuwa rahisi kwetu sote. Meno yana daktari. Kile kingine hakina, na hakuna kati yetu aliyejua pa kuanzia.

Daktari wa meno alikuwa ghorofani, mjini nilikokuwa nafundisha, juu ya duka la vitambaa. Alikuwa kijana kutoka sehemu za kati, aliyehamia Kisumu na mkewe muda si mrefu, mpole, mwenye mikono midogo kama ya msichana. Alinyanyua midomo ya baba kwa kioo chake kidogo, akagonga huku, akachokonoa kule, akauliza, "Mzee, hapa inauma?" Baba akasema hapana. "Na hapa?" Hapana. Daktari akaniangalia. "Haiwezekani isiume," alisema. "Hilo jino limeoza mpaka kwenye mzizi."

Akatueleza yote kwa utaratibu, na mimi nikasikiliza kama ninavyosikiliza ratiba ya mitihani. Magego mawili ya chini yana matundu, lakini ukuta wa jino bado mzima. Hayo yatasafishwa na kuzibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha, ambayo ikikauka ni ngumu kama jiwe. Lile lililokatika kwenye chupa lingeweza kuokolewa: unatoa uozo mpaka ndani ya mzizi, unaujaza, unasimamisha kijiti cha chuma, juu yake unalivika jino kofia inayotengenezwa Nairobi. Au unaling'oa, halafu unajenga daraja, jino la bandia linaloshikiliwa na majirani zake wawili. "Shida," alisema, "majirani wenyewe wanatikisika." Akamshika baba jino moja kwa vidole, akalisukuma, nalo likaenda na kurudi. Nilitazama ukutani. "Kwa hali hii mimi ningeng'oa matatu ya juu, nitengeneze pleti ya meno ya bandia, ya kuvaa na kuvua, yenye ndoana za kushika magego yaliyo imara. Mzee atatafuna."

"Baba, unasemaje?" nilimuuliza.

"Fanyeni," alisema baba.

Ndivyo alivyojibu kila kitu mwaka ule. Kaburi lijengewe saruji? Fanyeni. Ng'ombe auzwe? Fanyeni. Kaka yangu alipiga simu kliniki akataka daraja na kofia, vitu vya maana, na daktari akamweleza kwa subira habari ya majirani wanaotikisika, mpaka kaka akakubali pleti. Walizungumza kwa muda mrefu baada ya hapo. Sikuuliza walizungumza nini. Nilikuwa nimesimama dirishani nikiwatazama watu wakishindana bei chini mtaani, nikishangaa wanapata wapi nguvu.

Tulikwenda Jumamosi nyingi. Baba alikuja na basi la asubuhi amevaa koti lake la reli, nami nikamngoja stendi. Katika Jumamosi moja ya kuziba yale magego, daktari alinikuta nimeshika shavu kwenye benchi. Nilikuwa na tundu langu mwenyewe upande wa kushoto, la siku nyingi. Akanikalisha kitini baba alipomaliza, akanichoma sindano ya ganzi, akaliziba. Tulitoka pale wote wawili midomo imekufa, tukavuka barabara tukaagiza chai, na chai ikatutiririka kidevuni tusijue. Mwenye hoteli alitucheka. Baba akanipangusa kwa kitambaa chake, nami nikampangusa, hakuna aliyehisi chochote. Nitasema jambo la ajabu: niliipenda sindano ile. Kwa saa kadhaa shavu langu lilifanana na mimi nilivyokuwa ndani tangu mvua zile, na niliona kama mtu hatimaye ameniamini. Ilipoanza kuisha, jioni, nikisahihisha madaftari ya watoto, nilikasirika.

Meno matatu yaling'olewa. Fizi zikapona polepole. Baba aliendelea kukonda, na daktari, ambaye sasa alimwita "Baba" badala ya "Mzee", alianza kumharakisha fundi wake anayetengeneza pleti. Siku ya kuchukua umbo, alikoroga unga wa waridi na maji kwenye bakuli la mpira, akaujaza kwenye kijaluba cha chuma, akakipachika kwenye taya la juu. Baba alikaa macho wazi, mate yakimtoka, mikono magotini, ametulia kabisa. Kisha daktari akachukua na umbo la chini. Alisema lazima fundi aone taya la juu linakutana vipi na la chini, la sivyo pleti itamtupa mzee upande. Maelezo hayo yalinitosha.

Tulipoitwa kuchukua pleti, zilikuwa mbili. Daktari alizitoa kwenye maji akiwa na furaha, kama mama aliyeficha keki. Ya juu ilikuwa na meno matatu na ndoana zake. Ya chini ilikuwa na meno sita ya mbele, yamepangwa sawasawa, meupe, juu ya fizi ya plastiki.

"Hii ni ya nini?" nilisema.

"Kaka yako aliagiza," daktari alisema. "Alitaka tumrudishie mzee kila kitu. Na wazee wengi wa huku huniomba hivyo hivyo, wakitaka kwenda harusini. Nilidhani mmekubaliana." Aliona uso wangu, akaongeza upesi, "Haina madhara yoyote. Anaweza kuivaa au asiivae."

Kabla sijajibu, alikuwa ameshaziingiza zote mbili. Alimpa baba kioo cha mkononi, kile cha duara chenye mpini. Mdomo wa chini wa baba, ambao maisha yangu yote ulikuwa umelala kwa ndani kidogo, ulikuwa umesukumwa nje. Kidevu kilikuwa kipya. Alionekana kama naibu wa chifu, mtu mwenye shibe, mtu nisiyemjua. Aliangalia kioo muda mrefu. Daktari akamwambia, "Cheka kidogo, Baba, tuone." Baba akavuta midomo, na meno yakaonekana juu na chini, kamili. Akakirudisha kioo. Akasema, "Asante sana, daktari," kwa Kiswahili chake cha reli, wazi na cha heshima. Akavaa koti.

Tulitembea mpaka stendi. Basi la Ahero lilikuwa bado linatafuta abiria, kwa hiyo tulikaa kwenye kibao cha muuza magazeti. Baba aliingiza kidole mdomoni akaitoa pleti ya chini, akaishika kiganjani. Watu walikuwa wanapita.

"Mama yenu alikula kupitia hapa," alisema. Aliongea Kijaluo sasa, taratibu, na mdomo wa chini ulikuwa umerudi mahali pake. Alijigusa pengo lake kwa kidole gumba. "Mimi nilijua njia ya kumlisha kwa sababu na mimi ninayo. Sasa mmeniziba. Nikienda hivi atauliza, huyu mgeni ni nani?"

Niliiangalia pleti kiganjani mwake.

"Ya juu nitavaa," alisema. "Nitakula, msihangaike. Hii msinizike nayo. Umesikia? Wewe ndiye nakuambia. Hao wengine watalia, hawatakumbuka."

"Nimesikia, baba."

"Basi," alisema, akaifunga pleti kwenye kitambaa kile kile cha mazishi, akaitia mfukoni. Nilimpandisha basi. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala. Yale ya stendi ndiyo maneno pekee kuhusu mama ambayo baba aliwahi kuniambia tangu tumzike, naye alikuwa amenipa mimi, kwa sababu silii. Sikujua kama ni sifa au tusi, na sikuwa na nguvu ya kuamua.

Lakini alikula. Shangazi hatasema, kwa hiyo nasema mimi: alikula. Alianza na viazi, akaja kwenye samaki, na msimu wa mahindi nilipofika Jumamosi moja nilimkuta jikoni kwa shangazi anatafuna hindi zima kwa upande, ndoana zinalia, shangazi akimwambia alivyo na kelele kama mashine ya kusaga posho. Pleti ya chini aliiweka kwenye glasi ya maji juu ya kabati la redio. Wajukuu wakija likizo walikwenda kuitazama. Kaka yangu alipomuuliza kwa nini haivai, baba alisema inambana. Mimi nilimweleza kaka ukweli kwa simu. Alicheka. "Mzee na vituko vyake," alisema, akauliza habari za mchele wa shambani kwetu. Alikuwa mtu mzuri, kaka yangu. Alikuwa tu mbali, na simu ya ofisini haichukui maneno ya namna hiyo.

Baba aliishi miaka kadhaa, akamalizia kinywa chake kwa kuzibwa huku na kung'olewa kule, daktari yule yule, mpaka miaka ya tisini imeanza kuzoeleka. Alikufa ghafla, akifunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa darasani habari ziliponifikia. Nilimaliza kipindi, nikafuta ubao, ndipo nikaenda kwa mwalimu mkuu.

Kaka alikuja na gari kutoka Nairobi, macho yamevimba, na akachukua mambo ya mochari mikononi mwake. Alikwenda nyumbani kukusanya suti, tai, soksi mpya, viatu. Na pale juu ya kabati, kwenye glasi, akayaona meno. Alinieleza baadaye kwamba alikaa kitandani kwa baba akalia akiyatazama, kwa sababu ndiyo zawadi pekee aliyowahi kumtengenezea baba yake, na baba hakuivaa hata mara moja. Akayafunga pamoja na tai. Nilikuwa mjini naagiza turubai. Hakuna aliyeniuliza.

Jeneza lilifika mchana, tukaliweka sebuleni. Lilikuwa na kidirisha cha kioo upande wa uso, kama ilivyokuwa mtindo, watu wapite waage bila kifuniko kufunguliwa. Nilikuwa nje na sufuria. Kwa hiyo niliyatambua mambo kwa masikio: hakukuwa na kelele. Jeneza limeingia, na kule ndani kimya. Wajukuu walikuwa wanalia, na wake za watu, na wale wanaolia popote. Lakini wale mama wazee, rika la baba, ambao ndio wanaojua kumlilia mtu, ndio wanaomwita marehemu kwa majina yake ya sifa mpaka nywele zikusimame, walikuwa wamenyamaza. Niliingia. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya kioo, fimbo mkononi, mdomo umefungwa. Dada wa marehemu. Watu walianza kutazamana.

"Shangazi," nilisema.

"Mmeniletea nani?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyefunguliwa mlango usio wake.

Nikaangalia. Suti ilikuwa nzuri, nywele zimechanwa. Na mdomo wa chini umesukumwa nje, kidevu kipya, naibu wa chifu amelala ndani ya jeneza la baba. Midomo haikukutana vizuri, na kati yake ukaonekana ule mstari mweupe, sawasawa, wa meno ya chini.

Nikamwita kaka kando. "Lifungue."

"Jeneza?"

"Jeneza. Ana meno yale."

"Nilimvalisha apendeze," alisema. "Wewe, watu wanaangalia. Pasta yuko hapo nje. Ukishafunga jeneza hulifungui ovyo."

"Waangalie. Alisema asizikwe nayo. Alisema mama hatamjua."

"Alisema lini? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia ukacheka."

Nilidhani atabisha. Kaka yangu anajua kubisha, ndiyo kazi yake. Lakini alinitazama, akamtazama shangazi aliyesimama pale kama nguzo, kisha akakunja mikono ya shati na kuanza kuzungusha zile skurubu mwenyewe, moja baada ya nyingine, machozi yakimdondoka juu ya mbao. Mtu mmoja alisema "jameni" kwa sauti ya chini. Hakuna aliyetuzuia. Alipoinua kifuniko harufu ya dawa ikatoka, ile ya mochari, na wanawake wakajifunika pua kwa leso.

Nilikuwa nimeona mara nyingi daktari akifanya. Unashika mdomo kwa kidole gumba, unaingiza cha shahada kwa pembeni, unainua. Mdomo wa baba ulikuwa baridi na mgumu kama ngozi ya kiatu. Pleti haikutaka kutoka, pamba ilikuwa imeisonga. Nikaitoa pamba. Nikajaribu tena, nikisikia meno ya plastiki yakikwaruza kucha yangu, nikasikia, na hilo nalisema kwa sababu nilikuwa nimekaa miaka sijasikia kitu, nikasikia chini ya kidole changu lile pengo lenyewe. Ufizi ulikuwa laini, mrefu, umeliwa katikati kama kizingiti cha mlango wa zamani. Ndani ya pengo kama hilo ndimo alimopitisha kijiko kwenye kinywa cha mama, asubuhi nzima, kila asubuhi. Pleti ikatoka. Mdomo ukabaki nje, umezoea. Nikaubonyeza kwa kidole polepole, nikaushikilia hapo mpaka ukakubali. Haukurudi wote. Ulirudi wa kutosha.

Shangazi alisogea. Aliinama na fimbo yake mpaka uso wake ukafika karibu na uso wa kaka yake, akamwangalia mdomo. Akafungua wake, na pengo lake likaonekana, sawa na la huyo aliyelala. Ndipo akaanza kumwita. Alimwita jina la utoto, halafu jina la ng'ombe aliyemchunga, halafu mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, mume wa binti wa watu wa ng'ambo ya mto, na kila jina wale mama wazee wakaliitikia, mpaka sebule nzima ikatikisika na mbwa wakaanza kubweka nje. Kaka yangu alikuwa amepiga magoti. Pasta aliingia, akaona jeneza wazi, akatoka tena.

Nilikaa na pleti ile mkononi, imefungwa kwenye ngumi, tukatoka na baba, tukamlaza kando ya mama, tukamwaga udongo. Jioni nilipofungua kiganja nilikuta alama za meno. Ukiniuliza kama siku ile nililia au sikulia, kawaulize shangazi zangu, wao ndio wanaoweka hesabu. Mimi nilikuwa namsikiliza baba akijulikana.